Kumbe tunatembea na panya mwilini

Juzi saa tisa usiku nimeruka kitandani kama nimepigwa shoti, msuli wa shavu la mguu umenibana, yaani ule mbano ambao hata kupiga kelele unashindwa unabaki kushika godoro tu. Kisa ni tizi. Nimerudi kunyanyua vyuma baada ya miezi kibao ya kulea nyama uzembe na nikataka nifidie siku zote kwa jioni moja. Basi nikawasha tochi ya simu niangalie mguu, aisee, chini ya ngozi kuna kitu kinacheza chenyewe, kinatuna, kinahama, kinatulia, kinatuna tena. Kama kuna mdudu kaingia humo ndani.

Usingizi ndo umeshakata, nikaanza kuperuzi. Mimi ni mgonjwa wa asili za maneno, wenye kunijua wanajua, kwahiyo badala ya kutafuta dawa ya mguu nikajikuta natafuta hili neno muscle la Waingereza limetoka wapi. Limetoka kwenye Kilatini, musculus, na maana yake ni panya mdogo. Kipanya! (sio kile cha abiria.) Mus ni panya, ukiongeza hiyo -culus unakipunguza kinakuwa kidogo. Wazee wa Roma walimuangalia mtu akikunja mkono wakaona kitu kinakimbia chini ya ngozi, wakasema huyo panya huyo. Na mimi usiku ule na tochi yangu nisingebisha hata kidogo.

Tena sio wao peke yao. Wagiriki walikuwa na neno mys, hilohilo ni panya na hilohilo ni msuli, na bado lipo hospitali mpaka leo, daktari akikuandikia myalgia ujue ni maumivu ya misuli ila ukichimba chini kakuandikia maumivu ya panya. Waarabu msuli wanaita adala, na adal ni panya wa shambani. Wajerumani nao ile nyama nene chini ya kidole gumba wanaita Maus, panya kabisa. Halafu hawa Wajerumani ndo wamenimaliza, yale maumivu ya kesho yake baada ya mazoezi wanayaita Muskelkater, na Kater ni paka dume, yaani panya kachoka sasa paka kaja kumla! (Kuna wanaosema huyo Kater wa hapo alianza kama neno la mafua, mi nawaachia wenyewe, paka kanikaa vizuri zaidi.)

Musculus lenyewe limezurura sana. Kome wa baharini, wale wa magamba mawili, Waingereza wanawaita mussel na chimbuko ni lilelile. Jeshi la Caesar lilipouzingira mji wa Massilia mwaka 49 KK, Marseille ya leo, walijenga banda refu la futi 60 la kusukuma mpaka kwenye ukuta huku askari wamejificha chini yake wasipondwe mawe, banda hilo nalo jina lake musculus. Panya wa nyumbani kwenye sayansi ni Mus musculus, panya kipanya. Na nyangumi bluu je, mnyama mkubwa kuliko wote duniani? Balaenoptera musculus. Linnaeus, yule mwanasayansi wa Sweden aliyekuwa anawapa viumbe majina ya Kilatini, ndo aliwapa wote wawili jina hilo, mwaka 1758. Sasa sijui alikuwa anatania, maana nyangumi kuitwa kipanya ni sawa na baunsa wa mita mbili mtaani kuitwa Kadogo.

Sisi tuna msuli, wingi misuli, limekaa kwenye ngeli kama mti na miti utafikiri limezaliwa hapa, ila kwa sikio langu mimi hilo na muscle ni ndugu. Jicho letu wenyewe lilishaona kitu kingine, shavu la mguu, na mimi naona limepatia zaidi, uangalie mguu wa mtu aliyesimama kwa vidole uniambie kama hilo sio shavu.

Ila kilichonichekesha peke yangu saa kumi hiyo ni chuo. Wabongo tukisema mtu anapiga msuli hatumaanishi vyuma, tunamaanisha anakesha na kitabu. Wiki ya mitihani nilipiga msuli usiku kucha, nikaacha madesa mezani nikalale lisaa limoja tu, kuamka nakuta kurasa nne za mwisho zimetafunwa na panya. Swali la 3 lilitoka humohumo.