Nilivyochagua mpango wa meno Uingereza: miwani ndiyo iliyoamua

Mtu mzima anayekuja kuishi Uingereza kwa viza ya kumfuata mwenza wake hulipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza ili atibiwe na NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Ndivyo ilivyo tangu Februari 2024. Malipo hayo yanakufikisha kwa daktari wa kawaida na hospitalini bila kudaiwa zaidi. Ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, unafungua pochi kama Mwingereza yeyote.

Nilipoona ni lazima nitafute namna ya kujikinga, nilizibandika bei za NHS za mwaka 2025 mlangoni mwa friji. Kuangaliwa meno, pamoja na picha za eksirei, pauni 27.40. Kuziba, kung'oa au kutibu mzizi, 75.30. Kofia ya jino au meno bandia, 326.70. Hizo zilikuwa bei za England peke yake. Wales na Uskoti wana utaratibu wao. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba unalipa mara moja kwa tiba nzima. Ukizibwa meno matatu katika tiba ile ile, kwa bei hizo bado ni 75.30, na kuangaliwa kumo humo humo.

Sasa makampuni. Wanakuuzia vitu vitatu tofauti kwa maneno yanayofanana, na usipovitenganisha utalinganisha bei ya samaki na ya nazi. Cha kwanza ni bima ya meno yenyewe. Cha pili ni mpango wa kurudishiwa: unamlipa daktari kwa mkono wako, unatuma risiti, unarudishiwa mpaka kikomo cha mwaka kiishe, na mara nyingi mpango huo huo unagusa miwani na viungo pia. Cha tatu ni mpango wa kliniki. Daktari anakikagua kinywa chako, anakupanga daraja kulingana na hali ya meno, nawe unalipa kila mwezi ili akuangalie, akusafishe na akuzibe. Huu wa tatu niliuacha mapema. Unakufunga kwa kliniki moja, na gharama za maabara inayotengeneza kofia ya jino kwa kawaida hazimo.

Dada mmoja wa Mombasa niliyekuwa nikifanya naye kazi ghalani alinishauri bima. "Mdogo wangu, jino likikuamkia usiku utanikumbuka. Lipa bima ulale." Yeye anamwona daktari binafsi, kwa sababu kliniki za NHS za karibu naye zote zilimwambia hazipokei watu wazima wapya. Kwa hali yake, ushauri ule ulikuwa na mantiki. Mimi nilikuwa nimepiga simu hadi miji ya jirani nikapata daktari wa NHS, mbali kidogo, basi na mguu. Na ukishampata huyo, una dari tayari: hata jino likihitaji kofia, kwa bei zile za 2025 hutavuka 326.70 kwa tiba hiyo. Bima ingenilindia kitu ambacho serikali ilikwisha kukiwekea mpaka.

Hata hivyo niliisoma. Niliyoletewa ilikuwa kama pauni 23 kwa mwezi. Kampuni zote huku zinatakiwa kukupa karatasi fupi inayoeleza kilichomo na kisichokuwamo, nami sehemu ya visivyokuwamo ndiyo niliyoisoma kwanza. Miezi ya mwanzo huruhusiwi kudai tiba yoyote kubwa. Meno ya kupandikizwa kwa skrubu hayamo. Tena jino ambalo daktari alikwisha kuandika kwamba linahitaji kazi kabla hujajiunga halilipwi kabisa. Mimi nina gego moja la chini ambalo limeandikwa hivyo tangu nimfahamu daktari yule. Gego hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na ndilo lililobaki nje ya mkataba.

Kulikuwa pia na daraja la bei nafuu linalolipia matibabu ya NHS tu. Asiye na daktari wa NHS akilinunua hilo atakuwa analipia mlango uliofungwa. Nashangaa linauzwa bila kumuuliza mtu kwanza kama anaye.

Ukabaki mpango wa kurudishiwa. Pauni 12 kwa mwezi, yaani 144 kwa mwaka, kodi ya bima ya asilimia 12 ikiwamo. Kikomo cha meno pauni 100, cha miwani 100, na kidogo cha mtaalamu wa viungo. Nilikaa na kalamu. Mwaka wa kawaida naangaliwa meno mara mbili: 54.80. Nikitazama meno peke yake, ningepoteza karibu pauni 90. Mwaka wa kuziba jino, 75.30 na 27.40 inakuwa 102.70, narudishiwa 100, bado nimepoteza 44. Kwa hesabu ya meno, mpango wa meno haukulipa!

Lakini macho yangu hayatulii, na karibu kila mwaka nabadili lenzi, ambazo haziji chini ya pauni 100. Ukiziongeza, mwaka wa kawaida unarudisha 154.80 na mwaka wa kuziba unarudisha 200. Hapo nikajiunga.

Mume wangu alitaka tujiunge wote wawili. Yeye havai miwani. Nilimwambia, "Baba watoto, zako tutie kwenye akaunti ya akiba, pauni 12 zile zile kila mwezi. Usipougua zinabaki zako." Watoto hatukuwalipia chochote, maana chini ya miaka 18 NHS inawatibu meno bure. Wifi yangu naye alikuwa mjamzito akiulizia mpango, nikamzuia: mwenye mimba hatozwi, na baada ya kujifungua ana miezi 12 mingine ya bure. Aombe tu cheti chake kupitia mkunga.

Kwa nini meno na miwani vinauzwa pamoja? Baadhi ya makampuni haya yana umri mkubwa kuliko NHS. Medicash ya Liverpool ilianza 1871, BHSF ya Birmingham 1873. Vilikuwa vifuko vya wafanyakazi vya kuchangia hospitali. Baadhi viliitwa vifuko vya "Jumamosi ya Hospitali", jina lililotokana na siku ya kupokea mshahara. NHS ilipoanza Julai 1948, kila kitu kikawa bure na kazi yao ikapungua. Mwaka 1951 serikali ikaamua watu wachangie meno bandia na miwani, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi NHS, akajiuzulu kwa hasira. Vitu hivyo viwili havijarudi kuwa bure kwa wote, na vifuko vile vimepata kazi mpaka leo.

Dai langu la kwanza lilikataliwa. Nilituma karatasi ya mashine ya kadi, na wao wanataka risiti yenye jina langu, tarehe, tiba iliyofanywa na jina la kliniki. Mapokezi wakanichapia nyingine palepale, nikaipiga picha kwa simu, fedha zikaingia benki wiki ile ile. Siku hizi siondoki dirishani bila karatasi hiyo.

Nauliza pia kazini kila ninapobadili mwajiri. Kuna waajiri wanaowalipia wafanyakazi mpango wa namna hii na hawautangazi sana. Yule dada wa Mombasa alikuja kuupata kwenye kazi yake mpya, akafuta bima yake.

Mwaka ulipoisha ikaja barua ya kuendelea, bei imepanda hadi pauni 13.50, vikomo vilevile. Hiyo ni 162 kwa mwaka, na mwaka wa kawaida ungenirudishia 154.80. Nikapiga simu kuulizia daraja la chini yake. Hilo lilikuwa pauni 8 kwa mwezi, meno 60, miwani 60. Meno yangu ya kawaida ni 54.80, miwani inajaza kikomo, jumla 114.80 kwa malipo ya 96. Nimehamia huko. Gego nimelipangia akiba yake kando, pauni 326.70, na akiba hiyo imebakiza kidogo kutimia.