Kutoka Kange hadi Lutindi

Mimi nilipandia stendi ya Kange, Tanga mjini. Shangazi akapandia Muheza, basi likiwa limezingirwa na wauza machungwa. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, nisogezee huo mfuko." Ndani ya mfuko mlikuwa na shati jipya, ndala, sabuni na bumunda alizopika usiku, vyote vya mwanawe. Kijana yuko Lutindi, milimani wilayani Korogwe, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya KKKT, kanisa la Kilutheri, na tulikuwa tunakwenda kumchukua.

Mpaka tunafika Segera nilikuwa nimesikia habari yote, ingawa nyingi nilizijua. Kijana alianza akiwa kidato cha nne: halali, anajibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, anamtuhumu jirani kwamba anamtilia sumu kisimani. Watu wakasema karogwa. Mganga wa kwanza alimwandikia kombe akanywa. Wa pili akasema ni pepo, anataka ngoma, na ngoma ikachezwa. Wa tatu alikuwa na wagonjwa wengi uani kwake, kila mmoja kafungwa mnyororo kwenye mti, na mtoto wa shangazi akafungiwa mwembe.

Nawajua watu wa mjini wanaosikia hayo wakacheka, na mimi sicheki. Mganga alikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Aliwakalisha ukoo mzima mkekani, akawasikiliza mpaka usiku, akawapa sababu. Daktari wa akili alikuwa mbali, nauli haipo, na hakuna aliyewaambia kwamba yupo. Ubaya wa mganga wa tatu ni mnyororo, na mnyororo haukuanza Muheza. London kuna hospitali ya Bethlem, iliyoanzishwa 1247, na kuna wakati watu walikuwa wakienda kuwatazama vichaa wake kama tunavyokwenda mbugani kutazama simba. Ilhali Cairo, 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali ambayo wagonjwa wa akili nao walikuwa na nafasi yao ya kutibiwa. Kwa hiyo anayedhani historia hii ni ngazi ya kupanda tu, kutoka giza la zamani hadi mwanga wa leo, hajaisoma.

Hata hadithi maarufu ya Ufaransa, kwamba daktari Philippe Pinel ndiye aliyewakata minyororo wagonjwa wa hospitali ya Bicêtre, ina kasoro. Aliyeifungua pale, mwaka 1797, ni msimamizi wa wodi, Jean-Baptiste Pussin, na Pussin mwenyewe aliwahi kulazwa hapohapo kwa ugonjwa mwingine. Sifa zikaenda kwa daktari, kama kawaida.

Korogwe tulishuka, tukanywa chai, tukatafuta gari la kupanda mlima. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mji huu 1902, lakini kwenda juu bado ni shughuli: barabara ya udongo mwekundu, kona juu ya kona, migomba, kisha hewa inageuka baridi na shangazi anajifunika kanga ya pili.

Lutindi haikuanza kama hospitali. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani waliifungua iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokewa wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, haijafunguliwa 1927. Wahudumu wake walitoka Bethel, kule Bielefeld, Ujerumani, nyumba iliyoanzishwa 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na walikuja na imani ya kule: mgonjwa apewe kazi. Dawa yenyewe hawakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Na wataalamu wakubwa wa Ulaya walipoitafuta, walipita njia za kutisha. Mwaka 1917, huko Vienna, daktari Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaingia kwenye ubongo, homa iwatibu. Akapewa Tuzo ya Nobel 1927. Nilipomsimulia shangazi alishika kinywa. Yeye malaria imemuua mdogo wake. Daktari Moniz wa Ureno naye alianza 1935 kuwakata watu sehemu za ubongo, akapewa Nobel 1949. Mbele ya hao, kombe la karatasi na zafarani ni jambo la upole sana.

Kilichogeuza mambo ni dawa. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris, 1952, na mtu aliyekuwa akipiga kelele miaka mingi akaweza kukaa akaongea. Inatumika Tanzania mpaka leo.

Kijana alitupokea mlangoni. Amenenepa, anatembea polepole, lakini alinitania kabla sijamtania. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye ncha, na nikadhani ni uchafu. "Chai hii," akasema, "rangi yake haitoki kwa sabuni." Kumbe amekuwa akichuma chai. Alipovaa ndala mpya nililiona kovu la mnyororo, limezunguka kifundo cha mguu, limeng'aa.

Nesi alimkalisha shangazi akamweleza taratibu, bila haraka, na hapo nikamkumbuka mganga na mkeka wake. Sindano ni kila mwezi, na barua imeandikwa ili achomwe hospitali ya wilaya, asilazimike kupanda mlima. Shingo ikikaza au mikono ikitetemeka, aletwe. Asiachishwe dawa kienyeji. Shangazi akauliza kama bado anaweza kusomewa dua. "Someni, mama. Na sindano achome."

Jibu hilo lina wenyewe. Mwaka 1954, Abeokuta nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa vijijini, kila mmoja na ndugu wa kumwangalia, na waganga wa jadi akawashirikisha. Ndugu ndiye anayejua kama jana mgonjwa alilala. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ni sawa, ila sheria haimkumbushi mtu tarehe ya sindano.

Tulipokuwa tukingoja basi Korogwe, shangazi alikumbuka jambo. Yule mganga wa tatu bado anamdai mbuzi mmoja, walikubaliana atalipwa mgonjwa akipona.

"Mwambie aje kudai kliniki," mwanawe akasema, akitafuna bumunda. "Tarehe ya sindano iko kwenye kadi."