Nilivyopita ukingo wa Mlima Meru wenye theluji

Ukitaja theluji Tanzania, watu wanawaza Kibo tu, kilele cha Kilimanjaro. Meru nao hupata. Mvua za masika na za vuli zikikuta baridi kali kule juu ya mita elfu nne, zinaanguka theluji. Ila Meru hauna barafu ya kudumu, kwa hiyo iliyoanguka leo inaweza kuyeyuka kesho mchana, au ikalala usiku mmoja ikaganda ikawa kioo. Hicho kioo ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Shida ni umbo la mlima wenyewe. Upande wa mashariki ulibomoka zamani sana, ukabaki ukuta wa nusu duara, na njia ya kileleni inapita juu ya mgongo wa ukuta huo. Ukishapita Rhino Point kuelekea Cobra Point, kuna sehemu ukingo ni mwembamba kweli: kushoto ni kreta, yaani shimo la volkano, inashuka zaidi ya mita 1,000, kulia ni mteremko wa mawe na majivu unaoelekea pande za Oldonyo Sambu. Wakati wa ukavu anapita yeyote mwenye pumzi. Theluji ikiwepo, ni habari nyingine.

Mimi ni wa Moshi. Theluji nimeitazama tangu utoto nikipiga mswaki nje, ila kuikanyaga sikuwahi. Wenzangu wa Arusha walipopanga kupanda Meru mwezi wa Desemba, na vuli ikawa imegoma kukata, nilianzia soko la Memorial, Moshi, kwenye mitumba. Pale, ukiwa na subira, unapata nguo za baridi ambazo dukani huzigusi. Nilipata suruali ya kuchezea kwenye theluji, saizi ya mtoto wa Kizungu, na kwa kimo changu ikanikaa sawasawa. Muuzaji alininunia nilipoimwagia maji ya chupa pajani, lakini hakuna njia nyingine ya kujua: maji yakiviringika na kudondoka, nunua, yakizama, irudishe kwenye rundo. Fulana za pamba niliziacha nyumbani zote. Pamba ikishika jasho haikauki, na ukisimama kidogo kule juu inakugandia mgongoni.

Viatu nilikodi kwenye duka moja la Moshi, nikachukua vilivyozidi kidogo ili soksi mbili zikae bila kubana, maana mguu uliobanwa haupati damu na ndio unaoganda kwanza. Katikati ya soksi hizo mbili nilivaa vifungashio vya mkate. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini mkate bado unafungwa, na ile karatasi yake inazuia maji vizuri tu. Duka lile lile nilikodi na vyuma vya meno vya kukanyagia barafu, vile vyenye mpira wa kuvuta unaovishwa juu ya kiatu. Wenzangu walivicheka mpaka Miriakamba, banda la kwanza la kulala.

Safari ya chini sina mengi ya kusema. Kutoka lango la Momella unatembea na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo, unalala Miriakamba, kesho yake unapanda ngazi zisizokwisha mpaka Saddle, banda la pili, mita 3,570. Ni pazuri sana, lakini picha ziko nyingi mitandaoni.

Pale Saddle ndipo mambo yalipoamuliwa. Jioni mawingu yalifunguka kidogo tukaona ukingo mzima ni mweupe. Kawaida watu huondoka saa saba au saa nane usiku ili wakute jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro. Kiongozi wetu, mzee wa Kimeru wa Ngare Nanyuki, alikaa na afande nje ya banda wakazungumza, kisha akaja.

"Tunaondoka saa kumi," alisema. "Hilo jua mtalikuta njiani."

Mmoja wetu akalalamika kwamba picha ya kileleni itaharibika kwa mawingu. Mzee akamjibu, "Mwanangu, mawingu hayaui."

Nilikubaliana naye moja kwa moja, na mpaka leo naona uamuzi ule ndio uliotupitisha, kuliko vyuma na suruali na kila kitu. Tulifika Rhino Point giza likianza kuvunjika, na sehemu nyembamba tukaikuta tunaiona. Kwa taa ya kichwa unaona duara dogo la weupe mbele yako, hujui linaishia wapi. Kukicha unaona kila kitu, pamoja na usichotaka kukiona.

Kilichonishangaza ni kwamba penye majivu palikuwa afadhali kuliko siku za ukavu. Ule mchanga mweusi ukilowa na kuganda unakuwa mgumu, haurudishi mguu nyuma. Balaa ni miamba. Theluji kidogo juu ya mwamba laini, chini yake utando wa barafu usioonekana, hapo ndipo nilipovaa vyuma. Na balaa zaidi ni pale njia inapozunguka upande wa nje wa ukingo, magharibi, ambako jua la asubuhi halifiki. Upande wa kreta ulikuwa umeanza kuchuruzika maji. Wa nje ulikuwa bado mkavu na mgumu.

Mzee alikuwa anapiga teke theluji kwa ncha ya kiatu mpaka itoke ngazi, kisha anahamishia uzito. Sisi tukaweka mguu mle mle. "Usinipangie njia mpya," aliniambia nilipotaka kukwepa jiwe. Fimbo nilishika moja tu, mkono wa mlimani, mkono mwingine huru kwa ajili ya mwamba. Maneno yakaisha kabisa. Afande nyuma yangu, bunduki begani, theluji imemjaa kwenye kofia. Nyati gani atafika huku sijui, lakini utaratibu ni utaratibu.

Maji: chupa niliiweka kichwa chini ndani ya begi. Barafu huanzia juu, kwa hiyo ukiigeuza, mdomo unabaki wazi. Aliyekuja na maji ya mrija alikunywa ya kwangu, mrija ulishaganda.

Socialist Peak, kilele chenyewe cha Meru, mita 4,562, tulifika saa nne na nusu, ndani ya wingu zito. Hatukuona kreta, hatukuona Kilimanjaro. Tukapiga picha na kibao, tukageuka haraka kwa sababu theluji ilikuwa inalainika, na kushuka kwenye theluji ya uji ni kubaya kuliko kupanda kwenye ngumu. Penye mwinuko mkali tulishuka tumeelekea mlima, kinyumenyume, kama mtu anayeteremka ngazi ya darini. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na magoti yalinidai kwa siku kadhaa.

Tulipofika Saddle mzee alikaa kwenye benchi, akaviokota vile vyuma vyangu, akajaribu meno yake kwa kidole gumba.

"Hivi utaniachia."

"Mzee wangu, ni vya kukodi. Wananidai amana Moshi."

Akavigeuza tena, akauliza ni duka gani.