Madini ya risasi ya Warumi chini ya Gran Sasso

Mwaka 2019 nilikuwa nasoma fizikia Trieste, Italia, kwenye kituo alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam, na mwezi Mei tukapelekwa kwenye maabara ya fizikia iliyo chini ya mlima Gran Sasso. Maabara imechongwa pembeni mwa handaki la barabara kuu, chini ya mwamba wa mita 1,400. Basi likachepuka katikati ya malori, tukapewa kofia ngumu, tukaingia kwenye baridi.

Mwezi uliotangulia, watafiti wa XENON1T, mtambo mmoja wa humo, walikuwa wametangaza kwamba wameona zenoni-124, aina moja ya atomi za gesi ya zenoni, ikivunjika: kiini humeza elektroni mbili kwa mpigo na kugeuka teluriamu. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomi kuvunjika, ni miaka 18 ikifuatwa na sifuri 21, zaidi ya mara trilioni moja ya umri wa ulimwengu. Nikamuuliza mwenyeji wetu, mama mmoja Mwitaliano, wanaingojaje. "Hatuingoji atomi moja," akasema. "Tunajaza atomi zisizohesabika, kisha tunangoja yoyote itakayotangulia." Kwenye tani kadhaa za zenoni kimiminika walipata matukio 126 hivi kwa karibu nusu mwaka.

Kungoja si kazi. Kazi ni kelele, yaani miale mingine inayofunika tukio unalolitafuta. Huku juu miuoni, chembe zitokazo angani, hupita kwenye kiganja chako kila sekunde. Kule chini mlima umezipunguza mara milioni moja. Inabaki minururisho ya mwamba wenyewe, ya skrubu, ya vumbi. "Na yenu," mama akaongeza, "kwa sababu ya potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo ni nururifu." Wenzangu wakanigeukia: huyu wa Bukoba kalelewa kwa ndizi, asisogee! (Mwili hutoa potasiamu iliyozidi, kwa hiyo mla ndizi na mla ugali wako sawa, kila mmoja zaidi ya mivunjiko 4,000 kwa sekunde. Nilieleza, nani asikilize?)

Lakini kilichoniteka ni CUORE, mtambo mwingine wa humo unaotafuta mvunjiko wa teluriamu-130 usiotoa nyutrino (chembe ndogo mno zisizo na chaji), jambo ambalo bado halijaonekana, kwa fuwele 988 zilizopozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Umekingwa kwa risasi ya Warumi, yaani madini yale mazito, si ya bunduki. Risasi mpya ina risasi-210, aina nururifu ambayo hupungua nusu kila miaka 22. Iliyozama na meli pwani ya Sardinia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita imekwisha kutulia. Mwaka 2010 makumbusho ya Cagliari yalitoa vipande 120. Sehemu zenye maandishi zilikatwa zikahifadhiwa, zilizobaki zikayeyushwa.

Kwenye basi ukazuka ubishi. Mwenzetu Mmisri alikasirika kwelikweli: unayeyushaje urithi kwa ajili ya kitu ambacho huenda hakipo? Nikakumbuka tanuri za kale za chuma za Katuruka, kwetu Kagera, nikaona ana hoja; matofali yale ningeyapigania. Hata hivyo nilisimama na yule mama. Maandishi yamebaki, na risasi iliyotulia kiasi kile haichimbwi mgodini. Mmisri akaniambia nasema hivyo kwa kuwa meli haikuwa ya babu zangu. Tulibishana hadi mji wa L'Aquila.