Patisheni Nne Katika Kompyuta ya Dada

Mwaka 2012, nilipoanza kujifunza kuandika programu, kompyuta pekee niliyoweza kuitumia ilikuwa mpakato ya dada yangu mkubwa, naye alikuwa na sharti moja ambalo hakutaka lijadiliwe: Windows 7 iliyokuwamo isiharibike. Kazi zake za hesabu zilitegemea programu inayoendeshwa na Windows peke yake, na ripoti alizokuwa akiziandaa kwa miezi kadhaa zilikuwa humo humo. Mimi nilihitaji Linux, mfumo endeshi mwingine, na toleo la 12.04 la Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, lilikuwa limetoka mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Tukakubaliana kwamba mifumo yote miwili ikae katika diski moja, kila mmoja na mahali pake, na kwamba nisichukue hatua yoyote kabla yeye hajaiona na kuielewa. Sharti hili la pili liliisaidia kazi kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu kila nilipolazimika kumweleza kitu nilikitazama kwa makini kuliko ambavyo ningekitazama nikiwa peke yangu.

Kwanza alinakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, kisha tukafungua programu ya Windows ya kusimamia diski. Diski iliuzwa kwa ukubwa wa GB 500, lakini Windows iliandika GB 465, na dada akauliza mara moja GB 35 zimekwenda wapi. Hazikuwa zimekwenda popote. Mtengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, na hesabu zote mbili huandikwa kwa herufi zilezile. Jambo hili huonekana dogo, lakini mtu anayehama kutoka Windows kwenda kwenye kisakinishi cha Linux, yaani programu inayouweka mfumo kwenye diski, hukutana na diski ileile ikiwa na tarakimu tofauti, na asipojua sababu anaweza kudhani anatazama sehemu nyingine kabisa.

Kilichonishughulisha zaidi kilikuwa mpangilio wenyewe. Diski ilikuwa na patisheni nne, yaani sehemu nne zilizogawanywa: ya kwanza ndogo ya MB 199 iliyobeba mafaili ya kuwashia Windows, ya pili ya GB 447 ambayo Windows huiita C na ndimo ilimokaa, ya tatu ya GB 18 ambamo mtengenezaji aliweka nakala ya kurejeshea mfumo, na ya nne, mwishoni kabisa mwa diski, yenye takriban MB 100 za zana zake za kuchunguza hitilafu. Zote nne zilikuwa patisheni za msingi, yaani kila moja ilichukua nafasi yake katika orodha ya diski. Diski za aina ile hutumia jedwali la patisheni liitwalo MBR, lililoanza mwaka 1983 pamoja na mfumo endeshi wa PC DOS 2.0, na jedwali hilo hukaa ndani ya sekta ya kwanza ya diski, kipande kidogo chenye baiti 512. Katika baiti hizo, 64 tu ndizo zilizotengewa orodha ya patisheni, na kila patisheni huchukua baiti 16. Kwa hiyo nafasi ni nne, wala hakuna namna ya kuongeza ya tano. Njia iliyobuniwa ya kukabiliana na upungufu huo ni kuifanya nafasi moja kati ya hizo nne iwe patisheni panuzi, ambayo ndani yake huundwa patisheni za kimantiki kadiri mtu anavyohitaji. Kompyuta ya dada ilikuwa imeuzwa ikiwa nafasi zote nne zimekwisha kujazwa.

Tulipunguza C kwanza. Ingawa ilikuwa na nafasi tupu ya karibu GB 300, Windows ilikuwa tayari kuachia karibu nusu tu ya ukubwa wa patisheni nzima, kwa kuwa kuna mafaili ya mfumo ambayo yenyewe haiwezi kuyahamisha wakati inafanya kazi, na moja likikaa katikati, mpaka hauwezi kuvuka hapo. Sisi tulihitaji GB 100, kwa hiyo hatukusumbuka nalo. Niliandika 102400 katika kisanduku cha MB, dada akathibitisha kwamba 1024 mara 100 ndiyo hiyo, akabofya, na baada ya muda kidogo kikatokea kipande cheusi kati ya C na patisheni ya kurejeshea.

Kisha dada, aliyekuwa ameshika kipanya, akabofya kipande kile cheusi na kuchagua kuunda patisheni mpya, kwa kuwa Windows ilimpa chaguo hilo bila kizuizi chochote. Likatokea onyo refu likisema kwamba diski itageuzwa kutoka diski ya kawaida kuwa diski dainamiki, na swali la kama tungependa kuendelea.

"Subiri, dada, usibofye ndiyo."

"Kwa nini? Si ndiyo nafasi tuliyoitafuta?"

Nilimweleza kwamba diski dainamiki ni mpango wa Windows yenyewe wa kuhifadhi orodha ya sehemu zake, kwamba kisakinishi cha Linux kisingeweza kugawa diski ya namna ile, na kwamba njia ya Windows ya kurudi kwenye diski ya kawaida ni kufuta sehemu zote zilizomo. Ripoti zake zilikuwa na nakala kwenye diski ya nje, lakini mfumo wake na ile programu ya hesabu havikuwa na nakala. Alikataa, na lile dirisha likafungika. Hadi leo naona onyo lile halikutendea haki watu wengi, kwa sababu lilisema ukweli wote isipokuwa lile ambalo mtu alihitaji kulijua: kwamba nafasi zake nne zimejaa.

Tuliwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, kwa hali ya kujaribu bila kusakinisha, ili tuone kisakinishi kinasema nini. Katika orodha yake kile kipande tulichokiachia kilionekana, lakini kiliandikwa kuwa hakitumiki. Hakukuwa na njia ila kuondoa patisheni moja.

Mjadala wa ipi iondoke ndio uliochukua sehemu kubwa ya siku ile. Mimi nilielekea kuiondoa ile ya GB 18, kwa sababu mtengenezaji aliweka programu ya kuhamishia yaliyomo kwenye DVD, na tukishakuwa na DVD hizo, kuendelea kuziweka GB 18 ndani ya diski hakungekuwa na faida kubwa. Dada aliliona jambo hilo kwa namna nyingine. "Mdogo wangu," alisema, "siku mashine ikigoma wewe haupo, mimi nitabonyeza kitufe kile walichoniambia nikibonyeze. DVD sijui nitakuwa nimeiweka wapi." Alikuwa na haki, kwa kuwa mashine ilikuwa yake, na anayeachiwa kifaa kilichoharibika ndiye anayestahili kuchagua njia ya kukitengeneza. Tukaitazama ile ya zana. Mafaili yake tuliyanakili kwenye flashi, na hatukukuta humo kitu ambacho Windows ilikihitaji ili iwake. Hata hivyo DVD za kurejeshea tulizitengeneza, pamoja na diski ya Windows ya kurekebisha uwashaji, na tukaziwasha kuhakikisha kwamba zinafanya kazi kabla ya kufuta chochote. Ndipo patisheni ya nne ilipofutwa.

Kwenye ukurasa wa kisakinishi wenye chaguo la kusakinisha Linux kando ya Windows, tuliliacha chaguo hilo na kuchukua lile la kujipangia wenyewe. Sikuwa na ubaya na njia ya mkato, ila haikuonyesha jedwali lote, na dada alitaka kuliona. Hapa ndipo hesabu ya awali ilipotufaa: C, ambayo Windows sasa iliitaja kuwa GB 347, iliandikwa sda2, yaani patisheni ya pili ya diski ambayo Linux huiita sda, yenye MB 372,600 hivi, na nafasi tupu iliandikwa MB 107,374, ambayo ndiyo MB 102,400 za Windows zikihesabiwa kwa maelfu kamili. Hatukuwa tukikisia kipande. Kile kipande cha takriban MB 100 mwishoni mwa diski tulikiacha kilivyo, kwani kukitumia kungekula nafasi ile moja ya msingi tuliyoipigania.

Swali lililofuata, la kama patisheni mpya iwe ya msingi au ya kimantiki, linapitwa haraka na wengi, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote kwenye ukurasa ule. Tungeichagua ya msingi kwa patisheni ya kwanza ya Linux, nafasi ya nne ingejaa tena na nafasi tupu iliyobaki ingerudi kuandikwa kuwa haitumiki. Tulichagua ya kimantiki kwa zote tatu, na kisakinishi chenyewe kikaunda patisheni panuzi ya kuzibeba. Ya mfumo, inayowekwa kwenye mzizi, yaani mwanzo wa folda zote, niliipa MB 25,000 kwa mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ni namna ya Linux ya kupanga mafaili kwenye diski. Ya swapu, inayosaidia kumbukumbu ya kazi (RAM) inapojaa, niliipa MB 4,300, kidogo kuliko kanuni ya zamani ya mara mbili ya RAM, kwa kuwa kanuni hiyo ilitoka wakati RAM ilipokuwa ndogo sana, na kompyuta ile ilikuwa na GB 4. Zilizobaki, MB 78,000 na ushei, zikawa za /home, folda ya mafaili ya mtumiaji, nazo zikapewa ext4 pia. Dada aliuliza kwa nini nisiweke kila kitu pamoja, nami nikamjibu kwamba mfumo unaweza kuharibika au kuzeeka, na siku hiyo nitataka kuufuta bila kugusa mafaili yangu.

Kabla ya kubofya kitufe cha kusakinisha, dada alisoma jedwali kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye skrini: sda1, haina alama ya kufomatiwa (yaani kufutwa na kuandaliwa upya), sda2, haina, sda3, haina, sda5, ina alama, sda6, swapu, sda7, ina alama. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha kuchagua mahali pa kuweka GRUB, programu inayomwuliza mtu anataka kuwasha mfumo upi. Tulichagua sda, yaani mwanzo wa diski nzima, si patisheni yoyote, kwa sababu hapo ndipo kompyuta zile zilipoanza kusoma zilipowashwa. Kama GRUB ingeshindwa kuipata Windows, ile diski ya kurekebisha ingeurudisha mwanzo wa diski katika hali yake.

Haikuhitajika. Kompyuta ilipowaka upya, Windows 7 ilikuwa kwenye orodha, imeandikwa kuwa inaanzia sda1, na dada akaingia, akafungua programu yake ya hesabu na ripoti moja, akafunga. Nilipoingia kwenye Linux na kuendesha fdisk, programu ya kuorodhesha patisheni, iliniambia kwamba patisheni hazijafuata mpangilio wa diski. Ilikuwa kweli na haikuwa hitilafu: sda4, ile panuzi, ilichukua namba ya nafasi iliyoachwa wazi, lakini kwenye diski yenyewe ilikaa kati ya sda2 na sda3.

Mashine nilizosaidia kuzisakinisha miaka iliyofuata hazikuwa na tatizo hili, kwa kuwa zilikuja na jedwali jipya zaidi liitwalo GPT, ambalo kwa kawaida lina nafasi 128. Kwenye hizo nilichunga mambo mengine: patisheni ndogo yenye mfumo wa mafaili wa FAT32 inayotumiwa na mifumo yote miwili kuwashia isifomatiwe, na uwashaji wa haraka ulioletwa na Windows 8 uzimwe, kwani huiacha C katika hali ya usingizi na kuiandikia kutoka Linux kunaweza kuharibu mafaili.

Katika mpakato ya dada, mgawanyo wetu ulijaribiwa mwaka 2014, lilipotoka toleo la 14.04 nami nikaamua kusakinisha upya badala ya kupandisha lile la zamani. Niliweka alama ya kufomati kwenye sda5 peke yake, nikaielekeza sda7 iwe /home bila alama, na nikajiandikisha kwa jina lilelile la mtumiaji. Mfumo ulipofunguka, programu nilizokuwa nimeziandika zilikuwa mahali pake, na hata mpangilio wa kihariri changu ulikuwa vilevile. Mara hii dada hakukaa kando yangu kusoma jedwali. Aliuliza tu kama sda2 imeguswa, nikamjibu kwamba haikuguswa, akaichukua mashine kumalizia hesabu zake.