Nilivyojifunza kuvaa marashi ya chai

Nilikulia karibu na kiwanda cha chai nje ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ambako baba alikuwa mpimaji wa majani mabichi kwenye mizani. Chai ya kwetu huuzwa ikiwa nyeusi, lakini harufu niliyoipenda ni ya majani yanapotandazwa usiku kucha ili yanyauke kabla ya kusagwa: bado mabichi, yenye utamu wa mbali kama wa tunda lililomenywa sasa hivi. Kwa hiyo muuzaji mmoja hapa Kampala aliponinusisha marashi ya chai ya kijani, nililipa papo hapo.

Siku ya kwanza yalinivunja moyo. Nilipuliza mara mbili asubuhi, na kabla teksi haijafika Wandegeya sikusikia chochote, basi nikaongeza mara nne, tano, hadi mwenzangu ofisini akainuka kufungua dirisha. Tumezoea udi na manukato ya mafuta yanayomtangulia mtu mlangoni, nami niliyadai marashi haya yafanye vivyo hivyo.

Baadaye nilisoma kuhusu Mfaransa Jean-Claude Ellena, aliyeitengenezea Bvlgari, kampuni ya vito ya Italia, marashi ya chai ya kijani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Harufu ile ya chai hakuikamua kwenye majani, bali aliijenga kwa viungo vya maabara, vikiwemo hedioni, yenye wepesi wa asumini, na ayononi, zenye harufu ya maua ya violeti. Hizo ayononi pua huzichoka upesi ikaacha kuzisikia kwa muda, ilhali aliye kando yako bado anazisikia. Nilifarijika sana kulijua hilo, kwa maana huenda marashi yangu hayakuwa yametoweka kamwe.

Siku hizi nikitoka kuoga hujipaka kwanza mafuta yasiyo na harufu, kwa kuwa ngozi kavu haiyashiki marashi, kisha hupuliza mara moja kifuani na mara moja kwenye ncha ya mtandio wa pamba, nami siongezi hadi saa saba mchana. Harufu hunijia nisipoitazamia, nikiinama kuandika au nikijitanda mtandio mvua ikianza, na kila inaponijia hunipa utulivu ambao udi, pamoja na uzuri wake wote, haujawahi kunipa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia mama. Aliponikumbatia, alitulia kidogo, pua yake begani mwangu.

“Mwanangu, umepitia kiwandani?”

Nilivua mtandio wangu nikamwachia.