Kiatu kinajua mwendo wako, haya na msikitini je?

Kumjua mtu kwa mwendo kwetu huku si habari mpya hata kidogo. Mwanamke kavaa buibui na ninja, yamebaki macho tu, anapita sokoni Darajani, Unguja, kwenye msongamano ule wote na bado mwanawe anamuona toka mbali anamkimbilia. Hakosei! Wataalamu nao walishalipima, mwaka 1977 Cutting na Kozlowski kule Marekani waliwabandika watu vitu vya kung'aa kwenye maungio wakawarekodi wakitembea, kwenye skrini zikawa zinaonekana nukta tu, na wenzao wakawatambua zaidi ya mtu anaebahatisha.

Sasa skuhizi hiyo kazi inatiwa ndani ya kiatu. Ni soli nyembamba ya ndani, ina sensa, yaani vidude vya kuhisi, za mgandamizo chini ya kisigino, chini ya kidole gumba na pale mbele wayo unaposukumia, alafu kuna akselerometa ya kupima mguu unavyochapuka na kupunguza, na jairoskopu ya kupima unavyozunguka. Mara nyingi vinasoma mara 100 hivi kwa sekunde. Toka kisigino kinagusa chini mpaka kisigino hicho hicho kinagusa tena ni kama sekunde moja na kidogo, mguu unakaa chini asilimia 60 hivi ya muda huo na asilimia 40 uko hewani, na humo humo ndo kila mtu na vituko vyake, mwengine anabamiza kisigino, mwengine anaegemea ukingo wa nje, mwengine anaburura kidogo mguu wa kushoto na mwenyewe wala hajijui. Hebu geuza makubadhi yako ya zamani utazame kisigino, upande mmoja umelika kuliko mwengine. Hayo ndo inayoyasoma mashine, ila haingoji ngozi ilike.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilishirikiana na kampuni ya Autonomous ID ya Canada kwenye soli hizi, lengo kumjua anaeingia sehemu nyeti kama kambi za jeshi na mitambo ya nyuklia. Sawa, huko mtu anaingia na buti lake asubuhi anatoka nalo jioni.

Sie huku viatu tunavua. Nyumbani unavua, kwa watu unavua, chuo cha Kurani watoto wanavua, msikitini ndo usiseme, Ijumaa ndara zimejazana mlangoni unatoka unakuta za kwako hazipo, zimebaki nyengine rangi hiyo hiyo saizi ndogo na kanda imefungwa waya. Hapo kweli soli ingejua baada ya hatua chache tu kwamba alievaa siye mwenyewe, haya ikishajua ndo ifanye nini, impigie kelele mbele ya imamu?

Na mwendo wenyewe haukai pahala pamoja. Ukivaa ndara hutembei kama umevaa buti, ukibeba ndoo ya maji unabadilika, mja mzito anabadilika, ukijikwaa kwenye kichochoro mguu ukavimba ndo kabisa, na mlango unaofunguliwa na soli umekufungia nje siku hiyo hiyo unayochechemea. Ukiulegeza huo ukaguzi ili usikukatae, na mgeni nae anapata nafasi ya kupita.

Mie naona faida khasa iko kwenye huko kubadilika. Mwenye maradhi ya Parkinson, ya ubongo, hatua zinakuwa fupi na za kuburura, mwenye sukari ya siku nyingi mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa, anakandamiza pahala pamoja hasikii maumivu mpaka kidonda kishatoka. Soli ikimstua bi mkubwa mapema, hiyo naitaka hata kesho.

Ila inayokujua ni wewe ndo hiyo hiyo inayojua unaumwa. Na viatu vya sensa vishawahi kusema ovyo, mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waligundua ile sensa ya Nike+iPod, ya kutiwa kwenye kiatu cha mbio, inatangaza namba yake hewani, mtu akiwa na kipokezi anajua umepita hapo. Na ile hata mwendo ilikuwa haiutambui, namba tu! Kwa hiyo anaekuja kuniuzia, kabla ya bei ntamuuliza hizo data zinakaa kwenye simu yangu au zinakwenda kwenye seva ya nani, akianza kubabaika basi tena.